Shimesikio za NHS au za Kununua? Majibu kwa Wasomaji Walioko Uingereza

Barua za mwezi huu zimefuatana kwenye jambo moja. Wasomaji wetu wa Uingereza wanataka kujua kama watosheke na shimesikio (vifaa vya kusaidia kusikia) za NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko, ambazo hazilipiwi, au wafungue pochi wakanunue dukani. Majibu yameandaliwa na wataalamu wetu wa usikivu. Bei zote ni za paundi.

*Tangu juzi asubuhi sikio la kushoto limeziba ghafla, nasikia mvumo tu. Duka la shimesikio limenipa miadi wiki ijayo. Ninunue moja au jozi?*
— A.M., Luton

Usinunue chochote, na usingoje wiki ijayo. Mwandishi wa barua hii tulimpigia simu siku hiyohiyo. Tunaichapisha kwa ajili ya wengine wenye mkasa kama wake.

Usikivu ukipotea ndani ya siku 3 au pungufu, na ukawa haujapita mwezi tangu ulipopotea, mwongozo wa Uingereza unataka uonwe na madaktari wa masikio ndani ya saa 24. Piga 111, simu ya ushauri ya NHS, au nenda idara ya dharura ukaseme wazi: "Sikio limepoteza usikivu ghafla." Tiba ya kawaida ni dawa za steroidi, na siku zikipita nafasi ya kupona hupungua. Kosa tunaloliona sana ni mtu kudhani ni nta au mafua, akatia mafuta ya zeituni wiki tatu. Huenda kweli ikawa nta, lakini hilo halijulikani mpaka mtu achungulie ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa.

Kuna dalili nyingine zinazotaka daktari kabla ya duka: sikio linalotoa usaha au damu, maumivu, kizunguzungu, sikio moja kuwa zito kuliko jingine, au mvumo unaopiga sawa na mapigo ya moyo.

*Nina miaka 68. Duka limenipima bure, likasema nimepungukiwa kiasi cha kati kwenye sauti nyembamba, na kunitajia paundi 2,890 kwa jozi. Wanangu hawataki nichukue za NHS. Wanasema ni za kizamani na zinakaa nyuma ya sikio kama kokwa la embe. Hasa tofauti ni nini?*
— Mzee S., Leicester

Shikamoo Mzee. Wanao wanasema kweli, ila ni kweli ya zamani. NHS ilipoanza Julai 1948 ilitoa kifaa kilichoitwa Medresco, kisanduku cha kuvaa kifuani chenye waya unaopanda hadi sikioni. Hata mwishoni mwa miaka ya 1990 wagonjwa wengi bado walipewa vifaa vya analogi. Kati ya 2000 na 2005 ukapita mpango wa kuvibadilisha kuwa vya dijitali, lakini sifa mbaya haikubadilika pamoja navyo. Leo NHS inanunua kwa watengenezaji walewale wanaouza madukani: Oticon, Phonak, na GN, ambayo mali yake ya dukani huitwa ReSound na ile ya NHS huitwa Danalogic. Kwa kuwa NHS hununua kwa wingi, bei yake haikaribiani na ya duka.

Za NHS kwa kawaida hukaa nyuma ya sikio. Zina maikrofoni zinazoelekea mbele, zinapunguza kelele, zina mipangilio kadhaa ya sauti, na siku hizi nyingi huungana na simu kwa Bluetooth. Betri, marekebisho na matengenezo havilipiwi. Kifaa ni cha mkopo, si mali yako, na ukikipoteza unaweza kudaiwa mchango.

Sasa hizo 2,890 zinanunua nini? Kwanza umbo: kidude kidogo zaidi, au cha kuingia chote ndani ya sikio. Pili muda wa mtaalamu, kwa maana ya miadi ya karibu, saa nzima ya kukaa naye, na mtu yuleyule kila ukienda. Tatu, ngazi ya teknolojia, na hapo ndipo pesa nyingi huenda. Mtengenezaji hutoa familia moja ya vifaa na kuiuza kwa ngazi tatu au nne. Ganda ni lilelile, mara nyingi hata chipu ni ileile, na kinachotofautiana ni vipengele vilivyofunguliwa kwa programu. Mwaka 2014 Robyn Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Memphis, Marekani, walilinganisha vifaa vya ngazi ya chini na vya ngazi ya juu kwa wazee wenye upungufu mdogo hadi wa kati. Katika kuelewa maneno na katika maisha ya kila siku hawakukuta tofauti ya maana. Kwa hiyo mwuzaji akikupandisha ngazi, mwulize ni kipengele gani hasa unachoongezewa na kitakusaidia wapi.

Tatizo lako linaeleweka kirahisi kwa Kiswahili. Vokali zetu ni sauti nene zenye nguvu, nawe bado unazisikia. Kinachopotea ni s, f, sh, t, k, sauti nyembamba zilizo juu ya hezi 2,000. Ndiyo maana *saa*, *taa*, *kaa* na *paa* zinakufikia zote kama "-aa", ukaona watu wanaguna badala ya kusema. Shimesikio inatakiwa kuongeza hizo nyembamba na kuziacha nene kama zilivyo. Kazi hiyo kifaa cha NHS kinaimudu kikipangwa vizuri.

Kabla ya kuamua, dai nakala ya chati yako ya kipimo, kwa sababu kipimo cha bure dukani ni mlango wa mauzo. Kwenye chati duara jekundu ni sikio la kulia na alama ya X ya buluu ni la kushoto. Kipimo cha Waingereza ni hiki: desibeli 21 hadi 40 ni upungufu mdogo, 41 hadi 70 wa kati, 71 hadi 95 mkubwa, na kupita hapo ni mkubwa mno. Nenda nayo kwa daktari wa familia umwombe akupeleke kitengo cha usikivu. Kuna maeneo unajiandikisha mwenyewe bila kupitia kwake, na kuna maeneo duka la mtaani lina mkataba wa kutoa shimesikio za NHS. Usishangae basi ukiona duka lilelile lina kaunta mbili: ya bure na ya kulipia.

Rai yetu ni uanze na za NHS, uzivae kutwa kwa miezi mitatu, ndipo uhesabu. Kifaa hudumu takribani miaka 5, na 2,890 ukiigawa kwa 5 ni 578 kwa mwaka. Baada ya miezi mitatu utajua unalipia nini. Ukinunua, haki yako ya NHS haipotei, ila NHS haitatengeneza kifaa cha duka wala kukipa betri. Tena hakuna utaratibu wa NHS kutoa sehemu nawe ukaongezea upate kilicho bora.

*NHS walinipa jozi miaka miwili iliyopita. Zipo kwenye droo. Zinapiga mluzi, na sauti yangu naisikia kana kwamba nimetumbukiza kichwa mtungini. Nimeamua kununua zangu, nichague zipi?*
— Bi. Z., Milton Keynes

Bado usichague. Malalamiko yako yote mawili yana dawa, na ukinunua kabla ya kuyatibu yatakufuata mpaka kwenye kifaa cha 3,000.

Mluzi ni sauti inayotoka kwenye kifaa, ikavuja nje ya sikio, ikaingia tena kwenye maikrofoni na kuzunguka. Chanzo cha kwanza ni nta, inayoirudisha sauti nje. Safisha masikio kabla ya jambo jingine lolote. Zahanati nyingi za madaktari wa familia zimeacha kazi hiyo, na kwa mtu binafsi hutozwa paundi 50 na kuendelea. Usitumie vijiti vya pamba, maana huisukuma nta ndani. Chanzo cha pili ni kiziba, kile kipande kinachoingia sikioni, kisichokaa vizuri: kile laini cha silikoni kikiwa kidogo kuliko mfereji wa sikio, au kile kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lako kikiwa kimelegea kwa sababu umepungua mwili. Cha tatu ni mrija unaopeleka sauti kutoka kwenye kifaa hadi kwenye kiziba. Mrija wa plastiki ukigeuka manjano na kukakamaa umekufa. Hubadilishwa kila miezi 4 hadi 6, na wako una miaka miwili.

Mtungi ni hadithi nyingine. Ukizungumza, sauti nene hupita kwenye mifupa ya taya na kuingia kwenye mfereji wa sikio. Kwa kawaida hutoka nje, lakini kiziba kikifunga kabisa hunaswa humo na kuvuma. Mwenye usikivu mzuri wa sauti nene hupewa kiziba chenye matundu au tundu la hewa lililopanuliwa. Hapo kuna mvutano: tundu likipanuka mtungi unapungua na mluzi unaongezeka. Kupata mizani ndiyo kazi ya mtaalamu, na mara nyingi haipatikani kwa miadi moja.

Kwa hiyo rudi kitengoni kwako, maana miadi ya kurekebisha ipo na hailipiwi. Omba jambo moja kwa jina lake: wapime sauti ndani ya sikio huku kifaa kimevaliwa. Mrija mwembamba laini huingizwa mpaka karibu na ngoma ya sikio, spika iliyo mbele yako hutoa sauti, na kompyuta huonyesha kama kinachofika kwenye ngoma ndicho ulichotakiwa kupata kulingana na chati yako. Ni dakika 10 au 15 tu. Bila kipimo hicho kifaa hubaki na mpangilio wa kiwandani, ambao mara nyingi hutoa sauti nyembamba pungufu. Ukitoka hapo una kifaa kikubwa lakini bado unauliza "umesema nini?"

Nyumbani anza saa mbili kwa siku kwenye chumba tulivu, uongeze kila siku. Wiki za kwanza karatasi itapiga kelele, maji ya bomba yatanguruma, na sahani zitakuchoma masikio. Ubongo ulishazisahau sauti hizo, na unachukua wiki kadhaa kuzizoea. Kifaa pia hurekodi saa unazokivaa, kwa hiyo ukimwambia mtaalamu "navaa kutwa" wakati kimelala kwenye droo, ataona.

*Natamani zile zisizoonekana kabisa, kwa sababu ya kazi yangu ya mapokezi. Navaa mtandio. Je, zinafaa?*
— Dada R., Birmingham

Mtandio umeshakufichia za nyuma ya sikio, kwa hiyo ungelipia kuficha kilichofichwa. NHS kwa kawaida haitoi zile za ndani kabisa, na zina kasoro zake: betri ni ya namba 10, ndogo kuliko zote zinazotumika sana, nta na unyevu huziua mapema, na hazina nguvu ya kutosha kwa upungufu mkubwa. Nyingi pia hazina telikoili, koili ndogo ndani ya kifaa inayonasa sauti ya lupu, yaani waya unaorusha sauti moja kwa moja kwenye shimesikio, kwenye kaunta za benki, posta, kumbi na baadhi ya misikiti ya huko. Tafuta alama ya sikio na herufi T. Wewe wa mapokezini ni hasara kuikosa.

Ukivaa mtandio, kitambaa kizito kinachogusa maikrofoni huleta mkwaruzo na mluzi. Chagua chepesi, usikikaze juu ya sikio, na jaribu kifaa dukani ukiwa umevaa kama unavyovaa kazini. Wakati wa udhu kitoe kabla ya kupaka maji masikioni, na ukaushe sikio kabla ya kukirudisha.

*Nimeshaamua kununua. Niulize nini kabla sijatia saini?*
— K., Reading

Anza na mtu mwenyewe. Kwa sheria anayeuza shimesikio Uingereza lazima awe amesajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, na daftari lao liko wazi mtandaoni. Tafuta jina lake.

Kisha pesa. Bei uliyotajiwa ni ya kimoja au ya jozi? Tumeona watu wakirudi nyumbani wamefurahi, kumbe wametajiwa nusu. Dai mchanganuo: kifaa kiasi gani, miadi mingapi ya kurekebisha na kwa miaka mingapi, dhamana ni ya miaka mingapi na inagusa kupotea au kuharibika tu. Kipindi cha kujaribu na kurudisha pesa kiwe siku 30 angalau. Uliza kama siku zinahesabiwa tangu kulipa au tangu kuvalishwa, na kama kuna kinachokatwa ukirudisha. Ukilipa kwa kadi ya mkopo, kwa kitu cha bei ya zaidi ya 100 hadi 30,000, benki inawajibika pamoja na mwuzaji akikiuka mkataba au duka likifilisika. Ukiuziwa nyumbani kwako au mtandaoni una siku 14 za kughairi, isipokuwa vilivyofinyangwa kwa umbo la sikio lako.

Swali linalosahaulika na wengi ni hili: je, kifaa kimefungwa kwa programu ya duka hili peke yake? Maduka mengine makubwa huuza vifaa vya jina lao ambavyo mtaalamu wa nje hawezi kuvifungua. Ukihamia mji mwingine au ukirudi Nairobi, unabaki na kipambo.

La mwisho ni lile la kupima sauti ndani ya sikio tulilomweleza Bi. Z. Wakisema "kompyuta inajipanga yenyewe", aga na uondoke. Na wakikutisha kwamba bila kifaa cha ngazi ya juu utapata maradhi ya kusahau, jua kwamba upungufu wa usikivu umetajwa kweli na wanasayansi miongoni mwa vihatarishi vya maradhi hayo, lakini hilo halisemi kwamba cha 3,000 kinakinga kuliko cha NHS.

*Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Tanga kwa viza ya miezi 6. Naweza kumpatia shimesikio za NHS? Au nimpe za marehemu baba mkwe?*
— F., Slough

Mpe mama salamu zetu. Mgeni wa viza ya matembezi anaweza kuonwa na daktari wa familia bila malipo, lakini kitengo cha usikivu ni huduma ya hospitali, na England humtoza mgeni asilimia 150 ya bei ya NHS. Wewe mwenye viza ya kazi au masomo, uliyelipa ada ya afya ya uhamiaji, unahudumiwa kama wenyeji.

Za marehemu usimpe. Kama ni za NHS ni mali yao na zinarudishwa. Halafu zimepangwa kwa masikio ya mtu mwingine: zikiwa na nguvu zaidi ya anachohitaji mama, zinaweza kumharibia usikivu uliobaki.

Ukimnunulia, fanya hivyo wiki ya kwanza ya safari yake, si ya mwisho, apate muda wa kurudi mara mbili au tatu kurekebishiwa. Kipimo cha milio hakihitaji lugha, anabonyeza kitufe kila akisikia. Kipimo cha maneno ya Kiingereza kwake hakina maana. Uliza kama mtaalamu anaweza kurekebisha kwa mbali kupitia simu, na kama dhamana inafanya kazi Tanzania. Jibu likiwa hapana mara mbili, ni afadhali zinunuliwe Dar es Salaam, anakoweza kurudi kila kinaposumbua.

*Nakwenda Mombasa miezi mitatu. Nina za NHS za betri ya rangi ya chungwa. Rafiki ananishauri ninunue za kuchaji kwa ajili ya safari.*
— Mzee H., Bristol

Rangi ya chungwa ni namba 13. Kahawia ni 312, njano ni 10, buluu ni 675. Namba 13 ukiivaa kutwa hudumu siku 10 hadi 14, lakini Mombasa hesabu 8, kwa sababu betri hizi za zinki hufanya kazi kwa kuvuta hewa, na hewa yenye unyevu wa pwani huifupisha. Siku 90 ukigawa kwa 8 ni betri 12 kwa kila sikio, yaani 24 kwa jozi. Huja sita kwa pakiti. Chukua pakiti 5 kitengoni kabla ya safari, moja ikiwa ya akiba, huku ukiwaeleza unakwenda wapi. Ukibandua karatasi ya betri, iache betri wazi dakika moja au mbili kabla ya kuitia. Ukiibandika tena haiokoi kitu.

Kununua za kuchaji kwa safari moja hatukushauri. Zinapendeza kwa mwenye vidole vinavyotetemeka, lakini umeme ukikatika usiku unaamka kiziwi, labda kisanduku chake kiwe na akiba ya chaji. Betri ya ndani nayo huchoka baada ya miaka kadhaa, na haibadilishiki mtaani.

Adui wako Mombasa ni jasho. Kila usiku futa kifaa kwa kitambaa kikavu, fungua mlango wa betri, na ukiweke kwenye kikopo chenye kifuniko pamoja na vidonge vya kukausha. Mrija ukiwa na matone ya maji sauti hukatika ghafla ukadhani kifaa kimekufa. Chomoa mrija, upulizie kwa kipulizio kidogo cha mpira, si kwa mdomo, maana pumzi yako nayo ina unyevu. Beba miwili ya akiba, ya urefu uleule, iliyotiwa alama ya kulia na kushoto.